Arki ya Keki Haiendi Kifuani

Mosocho,
Kisii.
Novemba 16, 2025

Mpendwa kaka Mokua,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Pam kwa upendo wa Bwana. Hamjambo huko Leicester? Baridi imeshaanza kuwauma? Na lile goti lako lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi, limepoa? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenikalisha chini kuandika.

Kwanza habari za nyumbani, usije ukasema dada yako amekosa adabu. Kwetu Nyaramba mvua imenyesha vizuri na majani chai yamechipuka. Baba bado anaamka kabla ya kila mtu kwenda kuwasimamia wachumaji, tena kwa vile viatu ulivyomtumia, ingawa tulimwomba aviweke vya Sabato. Mguu wa Mama umepona. Duka langu la vifaa vya keki linakwenda. Disemba inakaribia, harusi ni nyingi, na unga, sukari laini na arki za kutia ladha havikai rafuni.

Barua hii unaletewa na Tryphosa, binti wa mzee Onchiri, anayekuja huko kufanya kazi ya uuguzi. Sikutaka simu. Nikikutumia ujumbe wa sauti unanijibu kwa kikatuni kinachocheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Tena nimeandika kwa Kiswahili badala ya Ekegusii makusudi kabisa, ili Pam asome mwenyewe bila wewe kumtafsiria. Najua unavyotafsiri.

Jambo lenyewe ni mdogo wetu Mogire.

Wakati wa makambi ya kanisa mwezi wa Agosti, yeye na wenzake watatu walisimama kuimba. Unaijua besi ya Mogire, ndiyo inayobeba wimbo mzima. Ubeti wa pili ukamshinda. Alikohoa, akajaribu tena, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, na wale watatu wakamalizia wimbo wakiyumba kama meza iliyokatika mguu. Mama alisema ni vumbi. Mimi sikuamini, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kwamba kijana huyu anachukua arki dukani kwangu, ya ndizi, ya vanila, hata ya siagi, na maishani mwake hajawahi kukanda hata unga wa chapati.

Nyumbani nako Mama alikuwa akinusa ndizi mbivu kutoka esaiga ya Mogire. Unajua hawezi kuingia humo, wala Baba. Tangu kijana alipotahiriwa nyumba hiyo ni yake, na mzazi kuvuka kizingiti chake ni aibu. Basi Mama alisimama nje na kufurahi. Aliwaambia hata akina mama wa kanisa kwamba mwanawe ameachana na wavuta sigara, siku hizi anakaa ndani anakula matunda.

Dada anaruhusiwa kupeleka chakula, kwa hiyo niliingia mimi, na ugali na mboga za chinsaga mkononi. Mezani nilikuta zile chupa za maji ya kuvutwa kama mvuke, yasiyo na ladha, ulizozituma kwenye kifurushi pamoja na viatu vya Baba. Kando yake kulikuwa na bomba la sindano la kupimia, na arki zangu zimepangwa kama za mwokaji hodari. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani na sigara ya kielektroniki mdomoni, vepu kama wanavyoiita, chumba kizima kikinukia keki.

"Sister, usipanik," aliniambia. "Hii si fegi, ni mvuke tu. Na hizo flava ni za keki, hata wewe unauziaga watu wa kanisa. Mokua mwenyewe alisema haina noma."

Mokua mwenyewe alisema. Niliweka chakula mezani, nikachukua chupa mbili tatu, nikatoka, maana ningebaki ningelia.

Sikiliza, kaka. Najua vepu ilikusaidia kuacha sigara. Nilikuombea uache, na siwezi kukudhihaki kwa njia uliyoachia. Lakini wewe unanunua chupa iliyofungwa, dukani, mahali ambapo kuna watu wa kukagua kilichomo, na hata hivyo uliniambia mwenyewe kwamba unapunguza ili uachane nayo pia. Mogire alikuwa mzima. Hakuwa na sigara ya kuacha. Anajichanganyia mwenyewe kwa vitu vya jikoni kwa sababu kaka yake alimwambia kinacholiwa hakiwezi kudhuru.

Chupa hizo nilizipeleka kwa Aketch, yule jirani yangu wa Homa Bay anayekaa juu ya duka. Ni muuguzi wa wagonjwa wa kifua hapa mjini. Alisoma kila kibandiko polepole.

"Kemuma, wakisema ni salama kwa chakula wanamaanisha kumeza," alisema. "Tumbo linasaga. Kifua hakisagi kitu."

Akanieleza kwamba arki ikiwa salama kwenye keki haituambii lolote kuhusu arki hiyo ikichemshwa na kuvutwa ndani. Baadhi ya ladha za siagi zina kemikali iliyowaharibia mapafu wafanyakazi wa viwandani walioivuta hewani, na hiyo hiyo watu wanaila bila tatizo. Ladha nyingine nyingi, alisema, bado hazijachunguzwa vya kutosha kwa mtu anayezivuta kila siku kwa miaka. Kisha akaitikisa chupa ya ndizi aliyoichanganya Mogire, na baada ya muda mfupi mafuta yakaelea juu. Aliiweka chini taratibu. Mafuta yakiingia kwenye mapafu, aliniambia, hayana pa kutokea, na mtu anaweza kupata homa ya mapafu kwayo.

Sijaacha kuuza arki, maana arki haina kosa. Ila nimebandika kadi juu ya rafu: NI YA KUOKA, SI YA KUVUTA. Wateja wanacheka. Wacheke tu.

Nilirudi Nyaramba na kikapu nikazoa kila kitu, na vepu yenyewe. Mogire alisimama mlangoni kunizuia. Nilimwambia asogee, akasogea. Ndipo aliponiambia kwamba alikuwa anataka kuuza michanganyiko yake Disemba, na kwamba vijana watakaokaa na wavulana waliotoka kutahiriwa wameshaagiza. Hapo nilikasirika kweli. Watoto wa darasa la nne wamefungiwa ndani wapone, halafu wapuliziwe mafuta ya ndizi usoni. Chupa zote sasa ziko kabatini kwangu, na Aketch atazipeleka zikaharibiwe inavyostahili. Hazirudi.

Kwa hiyo usitume kifurushi kingine cha namna hiyo. Sikuombi, nakwambia. Mizigo yako huja kwa jina langu, na nikikuta chupa ndani sitamkabidhi mtu.

Hilo la kifurushi naliweza mwenyewe. Lisilo katika uwezo wangu ni hili. Mogire hajapona. Kikapu cha majani chai alichokuwa akikibeba huku anaimba, siku hizi anakiweka chini katikati ya kilima na kushika mbavu. Aketch amezungumza na daktari wa kifua, na daktari amekubali kumwona na kumpiga picha ya mapafu. Mogire amekataa. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemnunia, na bado amekataa.

Unakumbuka alipokuwa ndani akipona tohara, wewe ndiye uliyelala naye kando ya moto na kumfundisha kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa. Tangu hapo hajalitilia shaka neno lako hata moja. Baba hawezi kuzungumza naye mambo ya esaiga, na mimi ni dada tu, napiga kelele. Amenijibu waziwazi: "Mokua akisema niende, nitaenda."

Basi mpigie. Usicheke, na usimpe hotuba. Mwambie ulikosea, kisha mwambie aende. Mengine niachie mimi, nitamshika mkono mpaka ndani.

Baba na Mama wanawasalimu sana, na shangazi Phanice wa Kebirigo pia. Hawajui nilichoandika. Mbusu mtoto wenu Mitchell, mwambie keki yake ya kuzaliwa nitaioka hata akiwa mbali, tutaila sisi kwa niaba yake.

Mungu awalinde nyote katika baridi hiyo, na wewe, kaka, akupe nguvu ya kumwambia mdogo wako neno ambalo kaka mkubwa hapendi kulisema, wakati angali na pumzi ya kukujibu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,
Kemuma