Gundi Uliyoizidisha, Braza Festo

Braza Festo,

Shikamoo leo sikupi. Wanasema marehemu hasemwi vibaya, na pale msibani kwako Kimara nilinyamaza mpaka taya zikaniuma. Sasa nasema.

Walikusifu weee, eti mhandisi makini. Makini gani? Balkoni ya ile chekechea ya Mbezi imepata ufa. Siku ya kumwaga zege mafundi walizikanyaga nondo za juu zikashuka chini, na ufa ulipotokea sie tukaitwa tuseme kama itahimili. Ukachagua modeli ya kompyuta inayolichukulia zege kama chembe duara zilizogundishwa, kwa kuwa ni nyepesi na kompyuta yetu mkweche. Nikakwambia, gundi ikikatika chembe duara zinabiringika kama gololi, zege la kwenye kompyuta linapondeka upesi mno. Wewe ukazidisha gundi mpaka matokeo yakalingana na vile viboksi vya zege vinavyopondwa maabara kupima nguvu yake. "Sista, zege ni kiboksi," ukacheka. Mji huu wote unalijua zege kwa kiboksi tu.

Balkoni haipondwi, Festo. Inavutwa upande wake wa juu, na zege likivutwa ni dhaifu, ndiyo maana nondo zilitakiwa zikae juu. Gundi yako ya ziada ikalipatia nguvu ambayo halijawahi kuwa nayo. Ukaandika kwenye rasimu ya ripoti kwamba inafaa. Kisha ukafa, ukaniachia mie.

Nimerudia yote kwa modeli ya chembe zenye nyuso bapa, zinazoendelea kusuguana hata gundi ikikatika. Nzito, inachosha, lakini inapatia kupondwa na inapatia kuvutwa. Balkoni haifai. Na watoto wanakunywa uji chini yake kila asubuhi.

Mkeo anataka ripoti itoke kama ulivyoiacha, iwe kumbukumbu yako. Nilipokataa, hakuitikia hata salamu yangu. Mwenye shule naye: "Tumheshimu marehemu, dada." Nikamjibu marehemu haangukiwi na kitu.

Nina hasira nawe. Nakukumbuka mezani kwetu ofisini, unanimegea chapati huku unanipinga, unatafuna na kubisha kwa pamoja, halafu hasira inazidi. Sasa hivi hakuna anayenibishia. Nasema kitu, wanaitikia tu.

Haya, lala braza. Nakuahidi balkoni itavunjwa, na ripoti nimeisaini peke yangu. Ungemeza dawa zako za presha, saa hizi ungekuwa hapa unanipinga.

Sista wako,
Rehema