Tembo Mahali Petu

Jumanne, siku mbili kabla ya Krismasi

Kwa hiyo haji. Badala yake mwanangu Prosper kanitumia ramani kwenye fremu, nakala ya zile za kale za biashara ya viungo anazowauzia watalii dukani kwake Unguja.

"Mama, itundike sebuleni uwe unaona nilipo," alisema kwenye simu. Eti Krismasi wageni ni wengi, hawezi kufunga duka.

Nimeitundika. Mwalimu wa jiografia hawezi kuacha ramani sakafuni. Lakini imenikera! Pwani majina yamebanana, kila kisiwa kina lake. Huku kwetu mlimani hakuna jina la Kibosho, hata mlima wenyewe haupo. Wamechora tembo tu.

Jioni jirani yangu Mama Aneti alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. "Mwalimu, yule mbuzi wa Prosper mnamchinja lini?"

Nimemlisha zizini tangu Julai, maana mtoto akirudi Krismasi lazima achinjiwe. Nikamwambia hajanona vizuri.

Amenona.

Alipoondoka nikapima ramani kwa mkono. Kutoka Unguja hadi kwa tembo ni vidole viwili.

Vidole viwili tu, na huu ni mwaka wa nne haji.