Maelezo ya Régine Kapya Kuhusu Kufungiwa kwa Graciella Mnarani

KITUO CHA POLISI, LUBUMBASHI
Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025, saa nne asubuhi
Jina la shahidi: Régine Kapya
Umri: miaka 56
Kazi: mshonaji
Makao: Makomeno

Nimekuwa mpiga kengele wa parokia yetu kwa miaka kumi na tisa. Mimi ni msaidizi wa Papa Donat, kiongozi wa kikundi chetu cha wapiga kengele.

Graciella ana miaka kumi na sita. Mwezi wa Desemba mama yake mdogo, Mbambu, anayeuza maharagwe kwa jumla, alimtoa Goma akamleta kwake hapa Lubumbashi, kwa sababu vita vilikuwa vinakaribia. Mama yake mzazi, Olive, alibaki kumuuguza bibi. Mimi ndiye niliyemwingiza mtoto kikundini. Alikuwa halali usiku, nikadhani kazi ya kuvuta kamba za kengele itamchosha vizuri.

Tangu wiki ya kwanza Donat alimwita "mukimbizi" mbele ya wenzake. Mara mbili nilimwona akimchapa vidole kwa ncha ya kamba. Padri alikuwa ametusomea kanuni mwaka jana: mtoto asipigwe, asitukanwe, asifungiwe. Sote tulitia sahihi. Nilimwambia Donat pembeni, "Papa Donat, huyu ni mutoto wa bantu," yaani mtoto wa watu. Alijibu, "Huku haiko école maternelle," yaani si shule ya chekechea. Sikumwambia padri.

Mnamo Jumapili tarehe 26 Januari, saa mbili na nusu asubuhi, tulipanda kupiga kengele ya misa ya saa tatu. Graciella aliomba abaki na simu yake. Alisema vita vimefika Goma na mama yake ameahidi kupiga. Donat alikataa, akaiweka kikapuni pamoja na zetu. Mtoto alivuta kamba huku analia, akakosa zamu yake. Donat akamwambia, "Weye utabakia huku mpaka misa itaisha." Tulishuka wengine wote. Donat alifunga mlango wa mnara, ufunguo akautia mfukoni.

Mimi nilikaa karibu na mlango huo na kikapu. Saa tatu kasoro dakika nane simu ya Graciella ililia. Kwenye kioo kulikuwa na neno Mama. Nilimwita Donat. Alisema, "Acha ilie. Tukimufungulia leo, kesho kila muntu atafanya yake." Akaingia kanisani.

Ililia tena saa tatu na dakika moja. Ililia tena saa tatu na dakika nne. Misa ilikuwa imeanza. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikaifunika simu isisumbue watu. Graciella alikuwa anagonga mlango kwa ndani. Baadaye aliacha.

Alifunguliwa saa nne na robo. Alipiga namba ile palepale, akiwa amesimama kwenye ngazi. Haikupatikana siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Tarehe 8 Februari jirani wa Goma alimpata Mbambu kwa simu. Alisema bomu lilianguka uani Jumapili ileile mchana, na Olive alikufa hapo. Majirani walimzika. Bibi yuko hai.

Nilikwenda msibani kesho yake. Graciella aliniuliza, "Maman Régine, ililia mara ngapi?"
Nikasema, "Tatu."
"Ulijua iko mama?"
Nikasema, "Ndiyo, nilijua."
Hakunitukana. Aliinuka akaniletea kiti, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama.

Tarehe 10 nilimweleza padri yote. Alimsimamisha Donat, na mimi pia, kwa kuwa niliomba. Mbambu ameleta malalamiko hapa juu ya Donat. Jina langu hakulitaja. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, nami nimeyasema bila kulazimishwa.

(Sahihi) Régine Kapya

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Aliuliza kama yeye pia atashtakiwa. Nilimjibu kwamba hilo litaamuliwa na parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Nilimruhusu kwenda nyumbani. Saa tisa alasiri alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje.

(Sahihi) Ézéchiel Numbi, ofisa wa polisi ya upelelezi (OPJ)