Hoteli ya Ufukweni Imejaa

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Mama ameshona mapazia mapya ya kijani, na baba amepewa likizo ya wiki moja. Yeye alitaka twende ule mji wa ufukweni, mama akataka huko jijini uliko. Walibishana siku tatu, mpaka barua ya majibu ya hoteli ya ufukweni ikaja, kwa Kiingereza. Baba akanikabidhi: "Haya msomi, tusomee."

Kaka, iliandikwa nafasi zipo. Mimi nikasema, "Wanasikitika, wamejaa." Sauti ilinitetemeka, wakadhani ni aibu yangu ya siku zote.

Baba akaguna. "Basi jijini. Lakini kwa huyo kinyozi wako, mama watoto, sikanyagi." Ndivyo anavyokuita tangu uache chuo. Jina lako halitaji.

Sasa barua iko mfukoni mwake. Anataka kumwonyesha jirani yetu mwalimu, eti huenda wametaja tarehe nyingine. Kila mlango ukigongwa, nakimbilia kufungua mimi kwanza.

Tukifika Jumamosi, nitamwambia baba nywele zimenizidi, nimlete mpaka kwako bila yeye kujua. Ukimwona mlangoni, usianze kujitetea. Mwamkie tu, umpe kiti.

Mimi mdogo wako, niliyedanganya kwa mara ya kwanza