Sarafu Ulizozipika, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipofumba macho, na saa zako kumi na nne ukutani bado zinagonga, kila moja kwa wakati wake. Za wateja ulizinyoosha zikanyooka. Za kwako hukuwahi kuzigusa.

Tunakukumbuka ukiwa umeinama mezani, lenzi umeibana kwenye jicho la kulia, kofia umeigeuza nyuma mbele. Saa ya yule mjane wa nyumba ya pili uliitengeneza mara sita bure. Mteja akikuuliza kwa nini umechelewesha kazi yake, ulimjibu, "Utajuaje nimechelewa, na saa ninayo mimi?" Aliyekuja na hasira aliondoka akicheka.

Lakini moyo wako ulikuwa kwenye sarafu za kale za fedha. Zinazong'aa hukuzitaka, hizo uliziita masufuria. Ulipenda zile zilizokaa miaka mingi ndani ya karatasi au droo ya mbao hadi zikaota rangi zenyewe: dhahabu ukingoni, kisha zambarau, kisha buluu iliyokolea. "Shikeni ukingo, msiguse uso," ulitufundisha kabla hatujajua kusoma. "Rangi hii haifanywi na mtu. Inafanywa na miaka."

Dada yetu mkubwa alipokuwa na umri wa miaka tisa aliisugua moja kwa majivu, akitaka kukufurahisha. Wiki nzima hukumsemesha. Hata ulipokuwa kitandani hospitalini alikuwa bado anakuomba radhi, nawe ukamshika mkono ukamwambia umemsamehe.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, chumba chako cha kazi kilianza kunuka. Mama alidhani ni panya aliyekufa. Alisogeza sanduku la saa mbovu, akakuta nyuma yake chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko. Ndani mlikuwa na yai la kuchemsha lililooza, na juu yake, ikining'inia kwenye waya, sarafu iliyokuwa nyeusi tii. Chini ya chupa palikuwa na daftari. Mama alianza kulisoma amesimama, akamalizia ameketi sakafuni.

Kumbe mvuke wa yai huipa fedha rangi zote zile kwa saa chache. Miaka ishirini na mitano, kila Jumamosi, Mama alikuchemshia mayai manne, ukaingia nayo chumbani na kufunga mlango, ukisema duniani hakuna mke ajuaye kuchemsha yai kama wako. Alijigamba kwa majirani. Ulimvisha kilemba cha ukoka, Baba, naye akatembea nacho mtaani kichwa juu.

Kila sarafu uliiandikia mistari yake. Ile aliyoisugua Dada: "Yai moja, saa mbili. Si mbaya." Ulikuwa umeipika wiki mbili tu kabla hajaisugua, ukamwacha mtoto alie kwa kufuta miaka ambayo haikuwapo. Na ile uliyompa Mama siku alipostaafu ushonaji, ukamwambia imekaa gizani miaka mia ikijipamba kwa ajili yake: "Ya mke wangu. Mayai mawili, saa nne. Zambarau imetoka vizuri."

Mama alicheka kwanza. "Na mayai nilimenya mwenyewe," alisema, ndipo kilio kikamshika.

Hayo ya ndani tungeyameza. Ukurasa wa kumi na moja ndio uliotukaba. Kinyozi uliyemwita rafiki, ambaye duka lake linatazamana na mlango wetu, alirithi kwa bibi yake sarafu moja iliyofifia, nyeusi nyeusi. Ulimwambia ni uchafu mtupu, kisha kwa ukarimu wako ukambadilishia kwa mbili zenye rangi za kupendeza. Daftarini uliandika: "Nimempa mbili za yai. Yake ni ya mwaka adimu, na rangi ni ya kweli. Hajui."

Mama alibaki njia panda: alinde jina lako, au amrudishie mwenye mali mali yake. Wiki mbili hakulala vizuri. Kitinda mimba wako alimwambia, "Mama, lichome hilo daftari. Baba kashalala."

"Yeye kalala," Mama akamjibu. "Mimi ndiye ninayeamkiana na Kinyozi kila asubuhi."

Akavuka barabara. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Shemeji, marehemu hasemwi."

"Na walio hai je, shemeji, ndio wa kudanganywa?"

"Yule mtu alikuwa ndugu yangu. Uchungu umekuzidi. Nenda kapumzike."

Mama alirudi nyumbani, akachemsha yai, akavuka tena na chupa yako ya mdomo mpana, safari hii imeoshwa, na sarafu moja ya fedha, nyeupe ya kawaida. Akaliponda yai likiwa bado la moto, akaining'iniza sarafu juu yake, akafunga mfuniko na kuiweka chupa mbele ya kioo. "Wewe nyoa," akamwambia. Hadi Kinyozi anamaliza kichwa cha tatu, ukingo ulikuwa umeshageuka dhahabu. Cha tano, zambarau. Wateja waliacha soga, wakabaki kutazama.

Kinyozi alizima mashine. Mama akafungua kitambaa akamwekea sarafu ya bibi yake kiganjani. Aliishika kwa ukingo, kama ulivyomfundisha.

"Siku ile anaiita uchafu," aliuliza, "alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua. Kaandika mwenyewe."

"Alhamisi kumi na moja nilikwenda hospitali kumnyoa ndevu. Wembe wangu shingoni mwake, tunazungumza. Hakupata hata moja ya kuniambia?"

Jibu la hilo, Baba, ulikuwa nalo wewe peke yako. Tumeumia. Ulikuwa baba mwema, na ulitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yote mawili ni wewe, na hatujui tukulilie yupi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, wanao watatu, mkweo, mume wa Dada, wajukuu wako wanne, ambao bado tunawasimulia vichekesho vyako tu, na Kinyozi. Kabla ya kuandika haya tulimwendea kumuuliza kama tumtaje, na tumtaje kama nani. Alikuwa anafagia nywele. Alifagia mpaka mlangoni, akaegemea fagio.

"Rafiki, futeni," alisema. "Ndugu, futeni. Andikeni mtu aliyemwamini."

Tumeandika hivyo, Baba: mtu aliyekuamini. Kukusahau, hatutakusahau kamwe.