Chewa Wasioachwa Peke Yao

Mama, shikamoo.

Huku Likoni joto ni kali, na hasira zangu zimelipita. Kwa utafiti wangu nilitenga chewa katika mapipa mawili: hawa nikawachanja, wale sikuwagusa, nione kila samaki atajitengenezea kingamwili zipi damuni. Jana narudi kutoka sokoni, nakuta pipa moja tupu. Bi Mwanasiti, mwenye nyumba, amewachanganya wote na kuwamiminia kombe, maji ya zafarani aliyoyasomea dua ya kuponya.

"Nimeona wadungwa sindano, mwanangu. Mgonjwa haachwi peke yake."

Sasa nimjue vipi aliyechanjwa? Kazi yote nianze upya. Nilimnunia hadi homa ikanishika.

Nibusie wadogo zangu. Bi Mwanasiti amekaa kando ya kitanda changu tangu asubuhi, na wallahi, Mama, sitaki aondoke.

Mwanao,
Saumu