Firigisi Imepotea, Mama Mukwe Anafunga Mizigo

Mupendwa mushauri, naomba unisaidie maana nyumba yangu imenyamaza kama kanisa siku ya kazi, miye ni Rodrigue, menuisier, fundi wa mbao wa Mbunya, na siku ya Noeli bibi yangu Denise alipika kuku na weye unajua kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, hata mutoto anajua, sahani ikakuja, nikageuza mapaja yote, firigisi haiko, nikakula mapaja, lakini kuku iliyofuata vilevile, basi kwa sababu ninaangalia sana filamu za polisi kwa telefone nikafanya enquête forensique, uchunguzi kama wa polisi, nikapaka unga wa makaa kwa mufuniko wa sufuria, alama ya kidole ikatoka, iko na kovu, na mwenye kidole cha kovu ni mama mukwe wangu, Mama Clémence, ambaye alikimbia vita kule Djugu na anaishi kwetu, na mama mukwe hata kumuangalia machoni ni shida, nitamushitaki namna gani? Nilionyesha Denise mufuniko. Akasema, "Rodrigue, unapima mama yangu?" Toka pale haongei, na mama amesikia, anafunga mizigo arudie kambi ya waliokimbia vita. Preuve, ushahidi, niko nayo, lakini sitaki aende.

*Rodrigue, Mbunya*

Ndugu Rodrigue, pole kwa firigisi. Sasa kaa chini.

Hilo neno forensique unalitia kila mahali kama chumvi. Wengi wanafikiri ni unga, gants za mikono na maiti. Linatoka kwa Kilatini, kwa forum, uwanja wa Warumi ambapo kesi zilisikilizwa mbele ya watu wote. Kupima peke yake ni kupima tu. Inakuwa forensique pale unaipeleka mbele ya juge, hakimu wa kesi, na mwenye kushitakiwa anajibu.

Haya, ingia tribunal na mufuniko wako. Juge atauliza, "Nani anasaidia bibi yako kupika?" Utajibu: mama mukwe. "Sasa kidole chake ulitaka kiwe wapi?" Utarudi nyumbani na mufuniko chini ya koti.

Kidole kinasema aligusa. Hakisemi alikula. Na tuseme alikula: huyu mama aliacha shamba, nyumba na kuku zake zote Djugu, na weye unamutafutia kosa kwa firigisi?

Leo hii, kabla hajamaliza kufunga mizigo, simama kwa mulango, macho chini, sema, "Mama, nilikosea, ubakie." Enquête usiieleze. Mufuniko uoshe weye mwenyewe, Denise akiona. Na kuku ijayo, Denise apelekee mama firigisi kwa sahani yake, mbele ya wote. Weye utakula shingo. Iko na nyama, kwa mutu mwenye subira.